Sakafu ya Watu

Siku mama alipotoka nyumbani kwa mara ya mwisho, alitolewa ndani ya blanketi. Tulimbeba mimi, jirani yetu tunayemwita Redio, na wanaume wawili waliokuwa wakipita njiani, kila mtu ameshika pembe yake. Nilikuwa nimekimbia kutoka kazini na aproni yangu ya kupigia pasi ilikuwa bado kiunoni. Nilimkuta mama katikati ya sebule, amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu wa mtu haugeukii. Hakulia. Tulipoanza kumwinua alisema hivi:

"Polepole jamani. Nimeshaichafua sakafu ya watu."

Alikuwa amekaa pale chini muda mrefu, na mkojo ulikuwa umemshinda. Lakini sakafu ile haikuwa ya watu. Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga chumba kwa chumba kwa kushona sare za shule, na hakuna mtu mwingine aliyeweka tofali pale. Naandika ili nisilisahau neno lake hilo, kwa sababu msibani yalisemwa maneno mengine mengi, na mengine yalikuwa matamu sana.

Redio ndiye aliyemsikia. Alikuja kuazima ngazi, akabisha hodi, akakaribishwa.

"Nikasema, hii karibu gani inatoka sakafuni?" alinisimulia tukiwa kwenye gari la kwenda hospitali, kichwa cha mama kikiwa mapajani kwangu. "Nachungulia, namwona bibi kalala. Ananiuliza, 'Umekuja kuchukua nini?' Mtu kavunjika ananiuliza nimekuja kuchukua nini!"

"Si ulisema ngazi?" mama akasema, macho amefumba. "Ipo nyuma ya nyumba. Uirudishe."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alilazwa, akafungwa kamba na vyuma, akalala chali mpaka kifua kikajaa. Nyumbani hakurudi.

Sasa nieleze jinsi mama alivyokuwa anatembea, maana mambo yote yalianzia hapo.

Magoti yake yaliharibika kwa miaka ya kukanyaga cherehani. Alipozeeka hakuweza kutembea mikono mitupu, lakini fimbo aliikataa. Alisema fimbo ni ya kufukuzia kuku. Badala yake alitembea kwa kushika vitu. Akiamka alishika ubao wa kitanda, akavuta hatua mpaka kwenye kabati la nguo, kutoka kabati mpaka fremu ya mlango. Akiingia sebuleni, cherehani ilikuwa hapo hapo ukutani, ile ya miguu ya chuma, nzito kiasi kwamba hata ukiiegemea kwa mwili mzima haitikisiki. Aliishika kwa mikono miwili, akapumzika, kisha akavuta hatua chache, mkono mbele, akaidaka fremu ya mlango wa korido. Korido ilikuwa nyembamba, ukuta huku na ukuta kule, na mwisho wake ni choo na bafu.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Usiku au mchana, taa iwake isiwake, aliijua kwa viganja. Ukisogeza kabati kidogo tu ili ufagie, asubuhi ungesikia: "Nani kahamisha nchi?"

Cherehani aliipenda kupita kiasi. Mbao yake ya juu ilikuwa imepauka mahali pamoja, pale alipokuwa anaweka mkono. "Baba yenu aliniacha mapema," alikuwa akisema huku ameiegemea, "lakini huyu wa chuma hana pa kwenda."

Kitu kimoja tu alikuwa akikiogopa. Hakuogopa kufa, alikuwa akikitania kifo kama shemeji. Aliogopa kushikwa mkono kwenda chooni. "Siku nitakayosindikizwa chooni," aliniambia, "anza kutafuta sanda." Alijua vilevile kwamba siku hiyo ikifika kaka atamchukua akaishi kwake, kwenye nyumba ya ghorofa, chumba cha juu, akae dirishani kama ua la plastiki. Kwa hiyo kila safari yake ya kutoka kitandani mpaka chooni na kurudi ilikuwa ni kuitetea nyumba yake.

Kaka yangu tulimwita Bosi tangu utotoni, na ukubwani jina likamkaa vizuri. Ana duka la vigae na masinki. Ni mtoto mwema. Sitaki mtu asome hapa aseme namchafulia jina. Alimpenda mama. Ubaya ni kwamba alimpenda kwa namna anayopenda mteja mkubwa: alitaka aondoke dukani na kitu cha kuonekana.

Siku moja mama alijikwaa kwenye waya wa feni uliokatiza sebuleni. Hakuanguka, aliinama juu ya cherehani, akapata alama nyeusi kifuani. Kaka akasikia, akaja na gari, tukampeleka zahanati wote wawili. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mtulivu. Alimpima, kisha akatugeukia sisi.

"Huyu mzee wenu mifupa imekuwa laini," alisema. "Akianguka mmempoteza. Nyumbani toeni vitu vinavyokwaza njiani, nyaya, vijizulia. Wekeni mwanga. Sakafu isiteleze, hasa penye maji. Na mumwekee pa kushika: chooni, bafuni, na popote anapopita. Cha muhimu kuliko vyote, muulizeni mwenyewe anapita wapi."

Kwenye gari kaka alikuwa ameshachangamka. "Umesikia? Vitu vyote vinavyokwaza vitoke. Nyumba iwe nyeupe. Mama, nitakufanyia nyumba, hutaamini."

"Kasema pia pa kushika," nikasema.

"Nimesikia, nimesikia."

"Kasema sakafu isiteleze."

Akanitazama kwenye kioo. "Hivi wewe unanifundisha sakafu mimi?"

Mimi ni mtoto wa kike niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Katika familia yetu mtu kama mimi husikilizwa pale anapouliza nani anataka chai.

Fundi alikuja wiki iliyofuata. Tulipelekwa kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama, tukakaa huko mpaka kazi iishe. Kabla hatujaondoka mama alisimama mlangoni, mkono juu ya cherehani, akamwambia kaka, "Fanya unavyotaka mwanangu, nimekuachia. Ila huyu mwacheni hapa."

"Mama, wewe si umeshastaafu kushona?"

"Sikusema nashona."

"Basi inakaa ya nini? Ndiyo hii hii uliyogongea kifua!"

Mama akacheka. Alicheka kwa sababu ni kijana wake na fundi alikuwa anasikiliza, na hakutaka kusema mbele ya mtu wa nje kwamba bila kile chuma hafiki chooni. Hilo ndilo kosa la watu wa nyumba yetu. Hatusemi jambo la mwili mbele ya mgeni, na kila mara kuna mgeni.

Tuliporudi hatukuijua nyumba. Sakafu yote ilikuwa vigae vyeupe vyenye maua ya rangi ya maziwa, vinang'aa mpaka ukijiangalia unaona kidevu chako. Kuta zimepakwa rangi mpya, nyeupe vilevile. Viti vimesogezwa pembeni kabisa. Waya wa feni umefichwa. Na cherehani haipo. Kutoka mlango wa chumba cha mama mpaka mlango wa korido palikuwa peupe, hakuna hata kigoda.

"Umeona, mama?" kaka alisema, mikono kiunoni. "Hakuna cha kukukwaza tena. Ukitaka hata mpira unacheza."

Wifi yangu, mke wake, alikuwa anapiga picha. Redio naye alikuwa ameshafika, ameziba mdomo kwa kiganja. "Jamani, hii nyumba au hoteli? Mimi nakojoa nyumbani kwangu kabisa kabla sijaja huku!"

Watu wakacheka. Mama alisimama ameshika fremu ya mlango, akaitazama ile sebule kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limeondolewa. Kisha akasema, "Asante, baba. Mungu akuzidishie." Akaomba kiti, akakaa hapo hapo mlangoni mpaka wageni walipoondoka.

Walipoondoka aliniuliza, "Wamempeleka wapi?"

"Dukani kwa kaka. Anasema itapumzika."

"Mimi sikumwona amechoka."

Mama hakukata tamaa. Kesho yake alianza njia mpya. Alibandika viganja viwili ukutani, akatembea kiupande kama kaa, uso kwenye ukuta, polepole, mpaka kwenye korido. Ilikuwa inafanya kazi. Nilipojaribu kumshika kiwiko alinikung'uta. "Sanda umeshanunua?"

Lakini mikono ya mama ilikuwa mikavu na alikuwa akiipaka mafuta. Rangi ile nyeupe ilianza kushika alama, viganja vilivyofuatana kwenye usawa wa kifua, kutoka mlango hadi mlango. Wifi alipokuja Jumapili aliziona kabla hajaketi.

"Mama jamani, ukuta! Mbona mapema hivi?" Hakusema kwa ubaya. Alichukua kitambaa na sabuni, akafuta alama zote huku akiongea na mama kwa upole kabisa. "Hii rangi haipendi mafuta. Bosi akiona atalia. Tujitahidi, eh mama?"

"Tutajitahidi," mama akasema.

Mama yangu alikuwa mtu aliyekuwa akifunua sare upande wa ndani na kukata nyuzi ambazo hakuna mtu angeziona. Kuambiwa amechafua ukuta kulimuuma kuliko goti. Tangu Jumapili ile hakuugusa tena. Nilimwona kwa macho yangu: mikono aliinyanyua hewani, imetanuka kidogo pembeni mwa mwili, akaikatiza ile sebule nyeupe hatua kwa hatua, midomo imebana. Akifika fremu ya korido aliidaka kama mtu aliyekuwa anazama.

Nikampigia kaka simu.

"Kaka, irudishe cherehani."

"Ile miguu ya chuma? Itakwaruza vigae vyote."

"Basi weka vyuma vya kushika ukutani, kama alivyosema muuguzi."

"Vyuma vya ukutani ni vya hospitali. Unataka nyumba ya mama ionekane kama wodi?"

"Nataka afike chooni."

"Wewe si upo hapo? Mshike mkono."

"Hataki kushikwa."

"Mzee hatakiwi kuulizwa kila kitu." Nikasikia anaongea na mteja pembeni, kisha akarudi. "Sikiliza. Nikija mwisho wa mwezi nitaangalia. Na mwambie avae ndala nilizomletea."

Mwisho wa mwezi haukufika. Ilikuwa asubuhi, mimi nikiwa kazini. Nilikuwa nimemwekea mama beseni na chungu cha kujisaidia chumbani, lakini vyote viwili niliporudi nilivikuta vikavu. Alikuwa anakwenda chooni mwenyewe. Alifika katikati, pale pasipo na kitu huku wala kule. Kilichobaki nimeshakisema.

Msibani nyumba ilipendeza. Nasema kweli, ilipendeza. Watu walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa napita na sinia la vikombe nikisikia.

"Kijana wake kamtendea haki. Tazama sakafu."

"Mama huyu kafa akiwa kwenye raha."

"Wangu mimi hata bati linavuja hawalioni."

Mzee mmoja aliteleza akielekea korido, akadakwa na wenzake, wakacheka, akasema sakafu ya kitajiri haimtaki. Nilimwangalia kaka. Alikuwa anaangalia mahali pengine.

Baadaye, ndugu tulipokaa peke yetu, wifi aliniuliza mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya upole, "Kwani wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Maana sisi tulijua mama ana mtu."

Mama mdogo akaingilia. "Na huyo mtu ale mawe? Si alikwenda kazini?"

"Hatumlaumu mtu, mama mdogo," kaka alisema. Macho yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kweli. "Mimi mwenyewe nilimnunulia ndala. Hakuzivaa. Zipo chini ya kitanda, na karatasi yake. Wazee wabishi, basi."

Kikao kikaishia hapo. Mama alikuwa mbishi. Wote wakaondoka na jibu hilo, wepesi.

Arobaini ilipopita nilikwenda dukani kwa kaka. Sikuwa nimetoa taarifa. Duka ni refu, kuta zote zimejaa vigae, na katikati, mbele ya meza yake, niliiona cherehani. Mashine yenyewe ilikuwa imekunjiwa chini, na juu ya mbao yake vimepangwa vigae vya mfano, vimesimamishwa kama vitabu. Kimoja kilikuwa kile chenye maua ya rangi ya maziwa. Ile sehemu iliyopauka kwa mkono wa mama ilionekana kati ya kigae na kigae.

Kulikuwa na mteja, mwanamke wa makamo, mkoba kwapani. Alikuwa ameshika kile kile cha maua.

"Ni kwa ajili ya bafu la mama yangu," alikuwa anasema. "Anakuja kukaa kwangu. Hivi vikilowa havitelezi?"

Kaka aliinua uso na kuniona nimesimama nyuma ya mteja. Tulitazamana. Nilingoja. Kwa kweli nilitaka aseme, na kama angesema ningemsamehe yote pale pale, na cherehani ningemwachia.

Kaka akakohoa kidogo.

"Inategemea mtu anavyotembea," alisema.

Mwanamke akakigeuzageuza kigae. Nikasogea, nikakichukua mkononi mwake taratibu, nikakirudisha juu ya cherehani. "Dada, mtafutie mama kinachoparuza, kisichoteleza," nikamwambia. "Hata kama kibaya. Na chuma cha kushika ukutani. Hivi ndivyo vilivyopo kwetu, na mama yetu tumemzika."

Akaniangalia, akamwangalia kaka, akakaza mkoba wake, akatoka bila kuaga.

"Umekuja kunifukuzia wateja?" kaka aliuliza. Sauti ilikuwa chini sana.

"Nimekuja kuchukua cherehani."

"Yangu ile."

"Tangu lini?"

Nikaanza kuondoa vigae kimoja kimoja na kuviweka chini, naye akavitazama tu. Nilimwita mwenye mkokoteni aliyekuwa nje. Ilipofika wakati wa kuinyanyua, uzito ukatushinda. Kaka akaja, akashika upande mmoja, akatusaidia mpaka barabarani. Aliishika pale pale penye ile alama iliyopauka. Sijui kama aliiona.

Nyumbani niliiburuta mpaka mahali pake, na kweli ilikwaruza vigae, mstari mrefu mweusi. Sikuhuzunika. Wiki hiyo nilimwita fundi yule yule, kwa sababu simjui mwingine.

"Dada, nibomoe vyote?" aliuliza, nyundo begani.

"Njia ya sebuleni mpaka kwenye viti, korido na bafu. Piga saruji, iache iparuze."

"Lakini hii kazi safi. Mimi mwenyewe niliipenda."

"Ulipokuwa unabandika hukuona kwamba vinateleza?"

Akachekea kando. "Niliona. Nilimwambia Bosi, akasema, 'Fundi, wewe bandika.' Bosi akisema bandika, mimi nabandika. Wewe ukisema bomoa, nabomoa. Mkono ni mmoja."

Akabomoa. Kisha akafunga vyuma, viwili chooni, kimoja bafuni, kimoja kirefu cha korido. Vumbi lilipotulia nilisimama mlangoni mwa chumba cha mama. Kila kitu alichohitaji kilikuwa pale. Kazi yote ile ilikuwa ya siku chache.

Mama mdogo amehamia kwetu. Na yeye ana magoti ya ukoo. Siku aliyoingia nilimuuliza, kabla sijamwonyesha kitanda, "Unapenda kupita wapi?" Akashangaa. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Kaka alikuja mara moja. Alisimama kizingitini, akaitazama ile saruji ya kijivu na mstari ambapo vigae vilikatwa mbele ya viti.

"Umeiharibu nyumba," alisema.

Mama mdogo alikuwa ndiyo kwanza anatoka chumbani, mkono juu ya cherehani. "Nitakusalimia mwanangu," akamwambia, "ngoja kwanza nifike."

Kaka hakungoja. Hajaja tena, wala wifi. Duka lipo wazi, nalipita nikienda kazini, na vigae vya maua vimepata meza nyingine.

Mama mdogo huenda chooni peke yake. Kutoka cherehani mpaka mlango wa korido hupapasa ukuta, na ukuta huo sasa una alama za viganja. Sizifuti.